Kisanduku cha Kutafutia Kikiganda, Kompyuta Inasubiri Nini?

Tuchukue kompyuta moja ya mezani katika ofisi ya Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Imekaa pale miaka mingi, na kila aliyepita kwenye kiti kile ameiachia mzigo wake: barua za uhamisho, mitihani ya nyuma, orodha za vifaa, picha za mahafali, taarifa za robo mwaka. Katibu muhtasi anataka barua moja ya mwaka 2019. Anafungua folda, anaandika "uhamisho" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu upande wa kulia, na mstari wa kijani unaanza kutambaa. Unakaribia mwisho, unasimama. Dirisha linapauka, juu yake yanatokea maneno Not Responding, na kiduara kinazunguka tu. Anasubiri, anachoka, anazima kwenye swichi. Kesho yake yale yale. Mwishowe anaitwa fundi, naye anasema dawa ni moja: kupiga Windows upya.

Dawa hiyo siipendi. Inaondoa dalili kwa wiki mbili tatu huku ugonjwa ukibaki palepale, na mara nyingi inaondoka na mafaili ya watu. Tatizo hili linaweza kueleweka na mtu yeyote mwenye subira na hesabu za darasa la saba, na akishalielewa ataweza kumwambia fundi atazame wapi. Tuanzie chini kabisa.

Swali la kwanza ni kuganda kwenyewe. Kila programu yenye dirisha ina foleni yake ya maombi. Ukibonyeza kipanya, ombi linaingia kwenye foleni. Ukigusa herufi, lingine linaingia. Hata dirisha lenyewe likitaka kuchorwa upya, hilo nalo ni ombi. Programu huchukua ombi moja, ikalimaliza, ikachukua linalofuata. Windows huiangalia foleni hiyo. Zikipita sekunde 5 programu haijachukua chochote, Windows hulipausha dirisha na kutoa tangazo kwamba programu haijibu. Haijasema kwamba programu imekufa. Imesema tu kwamba imeshika jambo moja na haijaligeukia lingine. Kwa hiyo kompyuta iliyoganda ni kompyuta inayosubiri, na kazi yote ya mchunguzi ni kujua inasubiri nini.

Mara nyingi inasubiri diski. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha somo.

Ndani ya diski ngumu ya kawaida kuna visahani vilivyopakwa tabaka jembamba la sumaku. Katika kompyuta nyingi za mezani vinazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Juu yake kuna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea. Faili likihitajika, mambo mawili lazima yatokee: mkono usogee hadi kwenye njia lilipo faili, kisha usubiri hadi sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa. Kusogea huchukua wastani wa milisekunde 9 hivi. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo, na kwa wastani utasubiri nusu yake, yaani 4. Jumla ni milisekunde 13. Sekunde moja ina milisekunde 1,000, hivyo diski ya aina hii inaweza kurukia sehemu mpya mara 75 hivi kwa sekunde, basi.

Sasa geukia prosesa. Ile yenye kasi ya gigahezi 3 inapiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Katika milisekunde 13 za kuusubiri mkono, inakuwa imepiga mapigo milioni 39 bila kupata neno hata moja la kusoma. IBM ilipotoa diski ya kwanza ya namna hii mwaka 1956, ilikuwa na visahani 50, ikabeba herufi milioni 5, na kuifikia taarifa moja kulichukua wastani wa milisekunde 600. Kutoka 600 hadi 13 ni nafuu ya mara 46 tu kwa miongo yote hiyo, wakati prosesa imekimbia hata haionekani. Diski zisizo na kitu kinachozunguka, hizi za SSD, zimelipunguza pengo kwa kujibu ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo. Lakini kompyuta nyingi zilizotumika kabla ya kufika ofisini bado zina visahani, na ukiweka sikio karibu na kasha lake wakati wa kutafuta utausikia mkono ukigonga-gonga.

Turudi kwa katibu muhtasi. Tuseme kompyuta yake ina mafaili 150,000, idadi ya kawaida ukijumlisha na ya Windows yenyewe. Kulitafuta neno "uhamisho" kunaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni kulitafuta katika majina ya mafaili. Windows huyaweka majina yote ya diski katika jedwali moja, na kila faili lina nafasi ya kilobaiti 1 humo. Mafaili 150,000 ni megabaiti 150 hivi. Diski ikisoma mfululizo bila kurukaruka hutoa megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi, hivyo jedwali zima lingesomwa kwa sekunde moja na nusu. Dirisha la mafaili la Windows halilisomi jedwali hilo moja kwa moja, bali hupita folda baada ya folda, ndiyo maana huchelewa. Programu ya bure iitwayo Everything, ya voidtools, hulisoma jedwali lenyewe, na ndiyo siri ya kutoa majina papo hapo kiasi cha kuwashangaza watu.

Kazi ya pili ni kulitafuta neno ndani ya mafaili. Hapo kila faili lazima lifunguliwe. Gawa 150,000 kwa 75, unapata sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa, na hatujahesabu muda wa kusoma wala wa kufungua mafaili ya PDF yenye kurasa 300. Hakuna hitilafu yoyote hapo. Kompyuta nzima, yenye afya, itaonekana imeganda kwa sababu imeombwa kitu kikubwa kuliko muombaji anavyodhani.

Wanasayansi wa kompyuta waliliona hilo mapema, wakaazima ufumbuzi kwenye masjala. Mahali kama Tosamaganga panaijua masjala vizuri. Misheni yake ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, baadaye ikashikwa na wamisionari wa Konsolata kutoka Torino, Italia, na pakajengwa shule na hospitali. Penye shule na hospitali hapakosi makabati ya karatasi. Karani wa masjala hafungui majalada yote akiulizwa moja. Ana daftari lenye mada kwa mpangilio, na mbele ya kila mada kuna namba za majalada. Daftari hilo kwenye kompyuta ni faharasa.

Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, huduma iitwayo Windows Search inakaa chinichini, inafungua mafaili kompyuta ikiwa haina shughuli, inachukua maneno yaliyomo, na kuyapanga: neno hili limo katika faili hili na lile. Ukiuliza, inaangalia faharasa tu. Nguvu ya mpangilio huo ni kubwa mno. Chukua orodha ya maneno milioni 1 yaliyopangwa kwa alfabeti. Fungua katikati, kama neno lako liko mbele zaidi, tupa nusu ya kwanza. Fungua katikati ya nusu iliyobaki. Tupa nusu nyingine. Ukigawa milioni 1 kwa 2 mara 20, unabakiwa na neno moja. Hatua 20 badala ya milioni.

Lakini mpangilio huo una sharti: lazima ujue mwanzo wa neno. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kompyuta, vilivyoandikwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno, havitaji. Kiswahili hubadilisha mwanzo. "Mwanafunzi" yuko kwenye M, "wanafunzi" wako kwenye W. "Kitabu" na "vitabu" havikai pamoja. "Alihamishwa" iko mbali sana na "uhamisho". Anayeandika "wanafunzi" hataoneshwa faili linalosema "mwanafunzi", naye ataapa kwamba utafutaji umeharibika. Akiwa mjanja ataandika nyota mbele, *hamish*, ili apate yote kwa pamoja. Nyota ya mbele inaondoa lile sharti la mwanzo. Kugawa nusu kwa nusu hakuwezekani tena, hivyo kompyuta inarudi kupekua kimoja kimoja, na dirisha linapauka. Naamini sehemu ya malalamiko ya kuganda katika ofisi zetu inatoka hapa, kwenye lugha yetu kukutana na faharasa iliyopangwa kwa desturi za wengine. Tiba haihitaji fundi: tafuta mara mbili, kwa umoja na kwa wingi, na majina ya mafaili yaanze kwa mwaka na neno moja lisilobadilika, kama "2019 uhamisho".

Hayo ni ya kompyuta nzima. Sasa tuje kwa mgonjwa.

Kisanduku kikiganda kila mara, anayesubiriwa huwa mmoja wa hawa wanne: diski inayochoka, faili moja lililoharibika, faharasa iliyovurugika, au kitu kilicho mbali na kompyuta yenyewe. Kuwatofautisha kunahitaji kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuangalia kilichobadilika. Anayezima intaneti, akafuta programu tatu na kuondoa flashi kwa pamoja, hata kompyuta ikipona hatajua amefanya nini.

Anza na huyo wa mbali, kwa sababu ndiye rahisi kumjaribu. Kisanduku kilicho chini karibu na kitufe cha Start hakitafuti kwenye diski tu. Katika Windows 10 na 11 hupeleka herufi zako pia kwenye mtandao wa Bing. Tarehe 5 Februari 2020 hitilafu upande wa Microsoft iliwaletea watumiaji wa Windows 10 sehemu nyingi duniani kisanduku kitupu, wakitafuta vitu vilivyomo kwenye diski zao wenyewe. Na hapa kwetu, Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania ilidhoofika vibaya. Siku kama hizo herufi zinazopelekwa nje hazina wa kuzijibu. Chomoa modemu, au zima data, kisha tafuta tena. Kuganda kukiisha, umempata. Mwingine wa mbali ni folda ya mtandao, ile yenye herufi kama Z, iliyounganishwa zamani na kompyuta ya chumba cha pili ambayo siku hizi haiwashwi. Windows huiita, husubiri, huita tena, na kila jaribio linaweza kuchukua sekunde 20 hivi. Ikate.

Kama kuganda kunaendelea bila mtandao, weka mafaili machache kwenye flashi nzima na utafute humo. Kukiganda hata hapo, shaka inahamia kwenye huduma ya Windows Search. Ifungue orodha ya huduma, iitwayo Services, uisimamishe Windows Search, kisha utafute tena ndani ya folda. Utafutaji ukirudi, hata kama ni wa polepole, faharasa ndiyo yenye hitilafu. Kuijenga upya hakugusi mafaili yako: washa tena huduma, ingia Indexing Options, kisha Advanced, ubonyeze Rebuild, uiache kompyuta iwake usiku kucha. Wengi huogopa kitufe hicho bure. Kinachofutwa ni daftari. Majalada yanabaki kabatini. Ukiwa hapohapo, punguza folda zinazoorodheshwa. Microsoft wenyewe wanasema faharasa ikipita vitu 400,000 kasi inaweza kushuka, na hakuna sababu ya kuorodhesha nyimbo na filamu za mtu aliyehama.

Faharasa huvurugika vipi? Jibu lake mara nyingi ni umeme. Faharasa ni hifadhidata inayoandikwa muda wote. Kuingiza neno moja kunahitaji kuandika sehemu kadhaa, na umeme ukikatika baada ya sehemu ya pili kabla ya ya tatu, hifadhidata inabaki na maelezo yanayopingana. Watengenezaji walijikinga kwa kuandika kwanza kumbukumbu ya kile wanachotaka kufanya, ndipo wakifanye, ili kompyuta ikiwaka isome kumbukumbu hiyo na kumalizia. Kinga hiyo inafanya kazi mara nyingi sana, lakini inategemea diski kusema kweli kwamba imekwisha kuandika. Bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, liko mpakani mwa Iringa na Dodoma, lakini ukaribu huo hauzuii nguzo kuanguka mvua za masika zikipamba moto. Na ile swichi anayoibonyeza katibu muhtasi kila dirisha likipauka ina athari ileile ya kukatika kwa umeme. Kila anapozima hivyo katikati ya kuandika, anaongeza uwezekano wa kuganda kesho.

Shaka ya faili moja ina dalili yake ya pekee. Katika Indexing Options kuna idadi ya vitu vilivyoorodheshwa. Ikifika namba fulani ikakwama, na baada ya kujenga upya ikakwama karibu na palepale, kuna faili linaloizuia. Ili kusoma maneno ya PDF au ya hati, huduma hutumia kisomaji maalumu cha aina hiyo ya faili. Faili lililokatika, kwa mfano lililonakiliwa kutoka flashi iliyochomolewa kabla kazi haijaisha, linaweza kukiingiza kisomaji katika mzunguko usio na mwisho. Kulipata usijaribu moja moja. Gawa folda nusu kwa nusu: ondoa nusu kwenye orodha, angalia kama namba inasonga. Inasonga? Mkosaji yuko kwenye nusu uliyoondoa. Mafaili 4,096 yanakwisha kwa migawanyo 12. Ni hesabu ileile ya faharasa, safari hii ikiwa mikononi mwako.

Nimeiacha diski mwisho kwa sababu ndiyo ya kuogopwa. Visahani vikichakaa, baadhi ya vipande hukataa kusomeka. Diski haikati tamaa haraka: inarudia kusoma tena na tena, na wakati huo wote programu iliyoomba imesimama. Katika matumizi ya kila siku huenda usigundue, kwa sababu hufungui barua za 2014. Utafutaji ndio unaopita kila mahali, ndiyo maana unagonga kipande kibovu kabla yako. Tazama hivi: fungua Resource Monitor, sehemu ya Disk, kisha anzisha utafutaji. Utaona jina la faili linalosomwa sasa hivi, na pembeni muda wa kujibu kwa milisekunde. Tumeshahesabu kwamba 13 ni haki yake. Foleni ikiwa ndefu hata mia inaweza kuonekana kwa muda. Ukiona maelfu, na jina la faili ni lilelile kila jaribio, utafutaji hauna kosa. Umekuonesha ugonjwa uliokuwa umejificha.

Programu kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambayo diski huiandika yenyewe kuhusu afya yake. Tazama mistari miwili: 05, vipande vilivyokwisha kuhamishwa, na C5, vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na haijaamua la kufanya. C5 ikiwa sifuri kwa wiki kadhaa, endelea kuitumia. Ikipanda, hata kutoka 2 hadi 8, usikimbilie amri ya kukagua diski, chkdsk yenye /r. Amri hiyo inailazimisha diski dhaifu isome kila pembe yake, na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu.

Kwa wakuu wa ofisi na walimu wakuu wanaosoma hapa nina ombi. Fundi akisema anapiga Windows upya kwa sababu kompyuta inaganda ikitafuta, mwulizeni kwanza inasubiri nini, na awaoneshe kwenye kioo: jina la faili, muda wa kujibu, namba ya C5. Kabla hajagusa chochote, mafaili yote yanakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mkiwa mnaiona kwa macho. Kama C5 inapanda, pesa ya kupiga Windows ongezeeni mnunue SSD na UPS ndogo, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Diski ile haitapona.